Joto la Maziwa

Voss, 3 Aprili 1997

Kwa mdogo wangu Arnfinn,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mke wangu Solbjørg aliwahi kuniambia linakusumbua, sijui naye aliambiwa na nani. Mimi ni mzima. Ng'ombe ni wazima. Theluji imeanza kuondoka upande wa juani, upande wa kivulini bado ipo ipo tu.

Najua unashangaa. Miaka kumi na miwili si michache, na mimi si mtu wa kuandika. Nitasema la kusema halafu nifunge bahasha kabla sijabadili nia.

Binti yangu Sigrun anaolewa. Jumamosi ya tarehe 21 Juni, hapa hapa nyumbani. Kijana mwenyewe ni mwalimu wa shule, mpole mno kwa binti kama yule, lakini hayo ni yao. Wageni mia na ishirini. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba hakuna bibi harusi aliyetoka nyumba hii bila bia iliyopikwa kwenye jiko letu la nje, kwa hamira yetu wenyewe. Na mpishi wa bia anayenishinda mimi upande huu wa ziwa hajazaliwa. Sijisifu. Muulize yeyote.

Tatizo ni hamira. Imekufa. Wiki ya Pasaka nilipika. Kimea safi, matawi ya mreteni ya kuipa harufu niliyakata kwa mkono wangu, nikachemsha kwa saa nne kwenye sufuria kubwa la shaba. Nikaacha ipoe, nikatia hamira, nikapiga ule ukelele wa kuiamsha mpaka mbwa akaingia uvunguni. Siku tatu, Arnfinn. Kimya! Hata povu la kufunika ukucha halikutoka. Lita mia na hamsini za togwa ya kimea niliwapa ng'ombe. Walikunywa huku wakiniangalia kwa huruma.

Jirani Hallvard ananishauri ninunue hamira ya mikate dukani, kama anavyofanya yeye siku hizi. Nilimjibu kumbe ndiyo maana bia yake ina ladha ya andazi. Na wengine wote waliokuwa na hamira ya zamani ama wamekufa ama wamechoka.

Kwa hiyo nakuja kwenye shabaha. Ile pete kubwa ya mbao ya Mama, aliyokuwa akiichovya kwenye pipa na kuitundika ikauke na hamira yake, wewe uliitoa msumarini siku tatu baada ya kumzika, bila kumuuliza mtu. Kama bado unayo na hamira yake iko hai, irudishe. Sijasahau nilikuitaje siku ile. Wala sijalifuta neno hilo. Lakini Sigrun hana kosa.

Solbjørg angekusalimia. Ni miezi sita sasa tangu tumzike.

Ni mimi kaka yako,
Gitle

*

Stavanger, 11 Aprili 1997

Kaka Gitle,

Shikamoo. Goti linaendelea vizuri, ahsante. Huku mvua tu, kama kawaida yake, nami nimestaafu kazi ya visima vya mafuta tangu Januari, kwa hiyo naiangalia mvua kwa nafasi yangu.

Ama kweli! Barua ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili, na bado humo ndani mimi ni mwizi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliitupa kwenye takataka, mara ya pili niliiokota, mara ya tatu nikacheka mpaka goti likauma.

Sikiliza, kaka. Hamira ninayo. Iko hai, tena ina kiburi kukushinda wewe. Napika kwenye chumba cha chini cha jengo letu, lita thelathini kwa safari, na watu wa mafuta niliofanya nao kazi wanakuja na vikombe vyao wenyewe. Tatizo langu ni moja tu: ukelele. Bibi Aasgaard wa ghorofa ya pili alishawahi kuita polisi. Sasa hamira naitia kwa kunong'ona, kama mtu anayesengenya. Na inachemka vile vile.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe umeniandikia ukiwa umesimama wima. Tangu lini mtu wa Voss akaomba hamira kwa kudai? Unajua inavyoombwa. Unakwenda mlangoni kwa jirani na chupa mkononi, unasema, yangu imekufa, nisaidie yako. Hapo hata adui yako hawezi kukunyima. Niombe hivyo.

Jambo la pili. Niambie ilikufaje. Mama aliwahi kuisahau ghalani miaka miwili na ikaamka kama iliyolala mchana. Hamira ile haifi hivi hivi. Inauawa.

Mdogo wako,
Arnfinn

*

Voss, 18 Aprili 1997

Arnfinn,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ina meno. Sote wazima.

Unataka kujua, haya, jua. Tulipomzika Solbjørg nilipika bia ya matanga, na ilikuwa nzuri, watu walisema hivyo na macho yao yalisema hivyo pia. Nikakusanya hamira chini ya pipa. Halafu nikasimama nayo mkononi kama bwege. Nimepika bia miaka arobaini, na sijawahi kuikausha hamira hata siku moja. Mimi nilikuwa nikimaliza kupika natoka kwenda kufukiza kwa moshi vichwa vya kondoo vya kitoweo, nikirudi hamira iko kwenye mfuko wake, kavu, imekunjwa vizuri. Alikuwa akiikausha Solbjørg. Sikuwahi kuuliza anafanyaje. Nilidhani hamira hukauka yenyewe.

Nikaitandaza juu ya jiko la kuni ili iwahi. Ilinuka mkate ulioungua. Nikajiambia ndivyo inavyonuka. Hallvard nimemdanganya kwamba ni ugonjwa. Ukimwambia mtu yeyote nitakana.

Haya. Nimesimama mlangoni kwako na chupa mkononi. Yangu imekufa, nisaidie yako.

Umeridhika? Lakini ujue kwamba hamira ya Mama nitaitambua nikiionja. Na kama umeiharibu kwa huo mnong'ono wako, hilo nalo nitalitambua.

Kaka yako,
Gitle

*

Stavanger, 29 Aprili 1997

Kaka Gitle,

Shikamoo, na safari hii haina meno.

Umeomba kama inavyoombwa, kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta mfuko mdogo wa karatasi. Usiufungue kwanza. Kaa chini usome.

Hamira ya Mama siyo hii. Ya Mama iliyokuwa kwenye pete ilinifia mwaka 1987. Niliitia kwenye togwa ya moto kupita kiasi, kwa haraka zangu. Ndugu wa damu sisi, unaona. Nilikwenda hata dukani, ndiyo, nikanunua hamira ya mikate, nikaimwaga bia yote. Mwisho nilikuandikia wewe barua. Niliandika, yangu imekufa, nisaidie yako.

Ile barua hukuiona. Aliifungua Solbjørg. Baada ya wiki mbili nikapata mfuko wa karatasi. Na kila mwaka tangu hapo, kila Septemba, mfuko mwingine, mwaka ukiisha mwaka ukiingia. Mimi naye tuliandikiana maneno mawili matatu tu: goti langu, shule ya Sigrun, mgongo wako. Kwa hiyo hamira niliyokuringia ni yako, kaka. Bia yote niliyowanywesha watu wa mafuta ni ya jiko lako la nje. Umekuwa ukimlisha mwizi miaka kumi bila kujua.

Mfuko huu ni wa mwisho, wa Septemba iliyopita. Sikuutumia, kwa sababu mwezi uliofuata akafa, nami mkono ukawa mzito. Ameandika juu yake, utaona mwandiko. Nanakili hapa kama bahasha itapata maji: "Shemeji, hii ndiyo ya mwaka huu. Itie kwa joto la maziwa yanayotoka kwa ng'ombe, si zaidi. Usimwambie."

Sasa nimekwambia. Nadhani angenisamehe, maana yeye hakuwa mtu wa kumnyima mtu hamira.

Na mazishini nilikuja. Nilishuka kwenye treni, nikakaa kituoni, kofia magotini, nikasikiliza kengele za kanisa mpaka zikanyamaza. Niliogopa utaniita lile neno mbele ya jeneza lake. Nikapanda treni ya kurudi. Hilo ndilo jambo ninaloliona aibu, kaka. Siyo pete.

Mdogo wako,
Arnfinn

*

Stavanger, 26 Mei 1997

Kaka,

Shikamoo. Wiki nne sasa hujajibu. Nimempigia Sigrun, anasema u mzima, unakula, lakini unawasemesha ng'ombe kuliko watu.

Kama umeutupa ule mfuko, sema. Harusi imebaki siku ishirini na sita. Nina hamira yangu nyingine chini huku, mtoto wa ile ile, nitaituma kesho. Nikasirikie mimi utakavyo, miaka kumi na miwili mingine nikijaliwa, lakini usimwache mtoto wetu aozwe kwa bia yenye ladha ya andazi.

Arnfinn

*

Voss, 1 Juni 1997

Mdogo wangu Arnfinn,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi sasa ni mzima. Nisamehe kwa kukuweka roho juu.

Nilikasirika. Wewe hukuwa na sehemu kubwa katika hasira hiyo, usijivune. Nilimkasirikia Solbjørg. Wiki tatu nilikwenda kaburini kumgombeza. Miaka kumi, nikamwambia, kumi! Ulikaa nami meza moja, unaninyunyizia sukari kwenye uji, na hukusema neno! Mke wa mchungaji alinisikia akapita njia nyingine.

Halafu siku moja nimesimama pale, nikajiuliza: kama angeniambia, ningefanyaje? Nikajua jibu. Ningeuchukua ule mfuko nikautia kwenye jiko la kuni. Alinijua. Niliondoka bila kumaliza kugomba.

Jana asubuhi nilichukua kijiko kimoja cha hamira yake, nikatia kwenye chupa ya togwa ya kimea. Nilikamua ng'ombe, nikaweka kidole kwenye maziwa, nikaweka kidole kwenye chupa, mpaka joto likalingana. Kabla ya chakula cha mchana povu lilikuwa linapanda shingoni mwa chupa, na jiko zima lilinukia ganda la chungwa. Nililia, Arnfinn. Nakwambia kwa sababu Sigrun alinikuta na atakusimulia kwa chumvi nyingi.

Sasa napika. Hii itakuwa bia bora kuliko zote nilizowahi kupika, na mimi sijawahi kupika mbaya, ukiacha ile ya Pasaka ambayo haikuwa bia. Kimea ninacho, kuni ninazo, mreteni unao umande. Nitatia hamira Jumamosi ijayo, tarehe saba, saa nane mchana.

Kuna jambo moja. Ukelele wa Pasaka niliupiga peke yangu. Zamani tulikuwa Mama, mimi na wewe, halafu mimi na Solbjørg. Peke yako si ukelele wa hamira. Ni kama mtu anayeita mtu asiyekuja. Na wewe una miaka kumi ya ukelele uliokukaba kooni kwa sababu ya Bibi Aasgaard.

Lile neno nililokuita, nimelimeza. Lilikuwa chungu kushuka.

Treni ya Ijumaa inaingia saa kumi jioni. Nitakuwa kituoni, nje, si kwenye gari. Ukikaa kwenye benchi nitakuona.

Kaka yako,
Gitle

*

Voss, 20 Septemba 1997

Mdogo wangu Arnfinn,

Salamu nyingi. Natumaini wewe mzima, goti zima, na Bibi Aasgaard mzima. Huku sote wazima. Kondoo wameshuka kutoka mlimani, watatu tu wamepotea. Sigrun na mumewe walikuja Jumapili. Yule mwalimu sasa anajua kupasua kuni, hajui kuzipanga.

Hallvard bado anasimulia ule ukelele wako. Anasema farasi wake hakula siku mbili. Mimi namwambia hiyo ni hasira ya mtu aliyepika bia ya andazi, akaja harusini akanywa vikombe tisa vya bia ya watu. Pipa la mwisho liliisha kabla hotuba yangu haijaisha, na wageni wanasema hiyo ndiyo sababu waliisikiliza mpaka mwisho.

Pete ya Mama uliyoirudisha iko msumarini pake. Wiki iliyopita nilipika tena, nikaichovya. Hamira iliyobaki mimi na Sigrun tuliitandaza kwenye shuka la Solbjørg, chumba cha juu, dirisha wazi, mbali kabisa na jiko. Siku nne. Niliigeuza kwa kijiko cha mbao kila asubuhi, na Sigrun akinicheka.

Mfuko wako huu hapa. Nimeandika juu yake, lakini kama bahasha itapata maji, nanakili:

Mdogo wangu, hii ndiyo ya mwaka huu. Itie kwa joto la maziwa, si zaidi. Mwambie yeyote umtakaye.

Kaka yako,
Gitle