Mbwa wa Madoa Niliyemchagua Mwenyewe

Alhamisi, 27 Februari

Binti yangu kaja na uso wa hakimu. Kisa pasi. Mwizi kaingia mchana kweupe, kabeba pasi mezani, nami niko kwenye cherehani hatua nne tu, nimempa mgongo. Nilikuwa natia zipu! Mtu anatia zipu au analinda pasi? Eti sisikii. Nasikia vizuri sana. Watu wa siku hizi ndio wanaongea kama wana pamba mdomoni.

Kanipa amri, mimi niliyemzaa. Nifuge mbwa wa kunisikilizia geti, au nihamie kwake, chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta. Cherehani haitaingia, mlango mwembamba. Nikamwambia alete huyo mbwa.

Jumamosi, 1 Machi

Tumekwenda kwa mfugaji. Anafuga dalmeshani tu — weupe, madoa meusi, kama karatasi iliyomwagikiwa wino. Mimi nilitaka mbwa wa kawaida, wa kubweka na kula makombo. Binti hataki. Lazima mwenye ukoo! Mimi mwenyewe baba wa babu yangu simjui, mbwa ana cheti.

Watoto wa mbwa saba. Binti kabaki nje na simu yake. Mfugaji kanikalisha kwenye kigoda, kawaachia watoto sakafuni, kazunguka nyuma yangu. Ghafla sita wakaruka, mmoja kajikojolea, wote chini ya meza. Kugeuka, mfugaji kashika mfuniko wa sufuria na mwiko. Ndivyo anavyowapima. Waoga! Wa saba hata sikio halikutikisika. Alikuwa anatafuna kamba ya kiatu changu, katulia kama mzee wa baraza. Nikasema huyu.

Mfugaji akakataa kwa kichwa. Kainama, kasema kitu ndani ya masharubu. Mtu mwenye masharubu yale asiruhusiwe kuongea. Nikaitikia, najua, najua. Kasema tena. Najua, baba! Mchezo wake nimeuona: anamficha aliye bora kwa ajili ya mteja mnene. Nikamviringisha mtoto kwenye sweta, nikatoka naye.

Jumapili, 2 Machi

Kichwa kigumu. Namwita, ananipa mgongo. Kala utepe wa kupimia, wote, mpaka inchi ya sitini.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwita hadi koo limekauka. Nikapiga mguu sakafuni kwa hasira — akageuka, akaja mbio, mkia unazunguka kama feni. Kumbe anataka ugomvi. Basi tutaelewana.

Alhamisi, 6 Machi

Kwa daktari wa mifugo, chanjo. Binti kanisindikiza kama mfungwa. Daktari kapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto, kulia, kushoto. Kisha akamweleza binti. Si mimi mwenye mbwa, binti! Naye kanigeukia, anatamka polepole, mdomo wazi, kama nina miaka miwili: mbwa ni kiziwi, masikio yote mawili, katika ukoo huu wengine huzaliwa hivyo.

Akampigia mfugaji pale pale. Mfugaji kasema alinieleza mara mbili, nami nikajibu najua.

Binti kashusha simu. "Mama, alichokwambia ulikisikia?"

Pale nikabanwa. Nikisema hapana, nimejifungia mwenyewe kwenye kile chumba cha ukuta.

"Nilisikia. Nilimtaka hivyo hivyo."

"Ulikuwa unatafuta mbwa wa kukusikilizia, ukachagua kiziwi, makusudi?"

"Makusudi."

Daktari kaangalia dari. Ana bahati sindano zilikuwa mbali na mkono wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Binti kapita akitoka kazini. Kaamua, hakuuliza. Kesho saa nne anamrudisha, tupewe mwenye masikio. Nikikataa, nifungashe nguo nihamie kwake.

Nikamuuliza, huyu atakwenda wapi? Kaanza kukunja kitambaa changu ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Nikambana. Mfugaji viziwi hawauzi wala hawafugi. Huwapiga sindano ya kuwaua. Eti huyu alikuwa wa kupigwa Jumatatu, mimi nikambeba Jumamosi.

Kwa kosa gani? Kutosikia mfuniko wa sufuria? Mimi pia sikuusikia.

Haya, nimeyaandika. Humu hasomi mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka na hasira, nikaona isipotee bure. Nimetia mnyororo na kufuli getini, kwa ndani. Nimesogeza kiti dirishani.

Saa nne na dakika ishirini. Geti linatikisika, bati linaruka kama lina homa. Sijui binti kaanza kugonga lini. Nilikuwa napachika kifungo, nimeinua macho ndipo naliona. Mtoto kalala chali juu ya vipande vya vitambaa, hana habari.

Nisipotoka, binti atasema si unaona. Nikitoka, anamchukua.

Nimemtia mtoto kwapani, naandika nimesimama. Nitamwambia. Sikumsikia mfugaji, sikuusikia mfuniko, wala yeye hapo nje. Akitaka kurudisha kiziwi, arudishe wawili, tuone mfugaji atampa badala gani ya mama.

Lo! Anapanda geti. Na sketi ya ofisini! Kiatu kimoja kimeanguka. Mguu mmoja umeshavuka, kanasa juu pale, hajaniona. Mdomo wazi. Analia au anatukana — kutoka hapa siwezi kujua.