Kitanda cha Masatu

Mama Masatu,

Uji uko jikoni, dagaa nimeanika. Mbuzi asiingie ndani. Juzi alikula nyuzi zangu, jana akanya soksi.

Asubuhi ulilia ukaniuliza, "Umebomoa kitanda cha mwanangu utengeneze mtambo wa kufumia. Kwani umeshamzika?" Mbao zingine sina, mama, na madukani blanketi hakuna. Hili ninalojifunzia ni lake, ingawa kwa sasa samaki sato mzima anapita kwenye matundu.

Naenda Nyamuswa. Kuna askari karudi kutoka vitani, walikuwaga kikosi kimoja na kijana wetu. Nitamuuliza.

~~Nikirudi bila habari, uchome huo mtambo.~~

Nikirudi bila habari, usikate uzi hata mmoja. Masatu ana mabega mapana, na mimi sijafika nusu.

Baba Masatu