Vioo vya Noah ya Mzee Shigela

Ruhembe, 5 Mei 2024

Mwanangu Coletha,

Hujambo, mayu, mama yangu? Sisi wazima. Kifua cha mama yako kimetulia na ng'ombe wamenenepa. Je, wageni wako wa mbugani wanakusumbua?

Gari limefika. Ni Noah nyeupe, na kijiji kizima kimekuja kulishika. Sikupigii simu kwa sababu mtandao unapatikana pale kilimani tu, na pale ukisema neno moja watu kumi wanakuitikia. Barua hii nampa Stefano wa bodaboda, nimeibana kwa gundi. Sitaki isikike kwamba mzee Shigela anafundishwa gari na binti yake.

Unajua ahadi yangu. Ulipokwenda kusomea udereva, baba yako mdogo Ngolo alisema mbele ya ukoo kuwa nimetupa ng'ombe wangu wa mahari, binti anayeshika usukani hataolewa. Haya, mwezi wa tisa unaolewa na Kasian! Siku hiyo nitakuendesha mwenyewe hadi kanisani Mikumi, na Ngolo nitamweka siti ya nyuma ajionee.

Ila nina swali. Vioo vya pembeni vilikuja vimekunjwa kama masikio ya punda mwenye hasira. Nimevifunua, naona ndevu zangu tu. Vina faida gani?

Ni mimi baba yako,
Shigela

Mikumi, 12 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu pia, na umwambie asiache dawa. Mimi mzima, Kasian naye anawasalimu.

Hongera kwa gari, baba! Nimewaambia wenzangu wote hapa kambini. Ndevu zako nzuri, lakini si ndevu zitakazokupita barabarani.

Kaa kwanza kama utakavyoendesha, mgongo umeegemea siti. Mlangoni kwako kuna swichi ndogo. Iweke upande wa kushoto urekebishe kioo cha kushoto, kisha kulia vivyo hivyo. Ubavu wa gari uonekane kidogo tu ukingoni. Sehemu kubwa iliyobaki iwe ya barabara na wanaokuja nyuma yako.

Kitufe cha kukunja ni cha gari lililosimama. Sisi hapa tunakunja tukipaki, maana nyani akijiona kwenye kioo anadhani amekutana na mbabe mwenzake, anakipiga makofi mpaka kipasuke. Lakini ukiwasha gari, vifunue kabla hujagusa gia.

Nisamehe kwa kukuamuru.

Binti yako,
Coletha

Ruhembe, 16 Juni 2024

Mwanangu,

Hujambo? Marahaba. Mama yako anakohoa kidogo, ila anapika na kugomba kama kawaida, kwa hiyo ni mzima.

Nimekwenda Kilosa kujaribiwa na trafiki. Nimefeli. Usicheke.

Njia zetu za mashambani unazijua, miwa inakwaruza pande zote. Basi nikavikunja vioo, vikabaki hivyo. Vinang'aa! Hata Ngolo kavisifu. Trafiki akaniuliza, "Mzee, nyuma unaonaje?" Nikamjibu mimi nimechunga tangu utoto, mchungaji anatembea nyuma ya ng'ombe, mali yake yote iko mbele yake, nyuma atazame nini? Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu akanifelisha.

Hapa nyumbani nimesema trafiki hakuwepo.

Baba yako,
Shigela

Mikumi, 23 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Poleni na kikohozi cha mama. Asali na limau, asubuhi na jioni.

Nimecheka, siwezi kukudanganya. Halafu nikaogopa. Kwenye gari wewe ndiye ng'ombe wa mbele, baba. Malori ya miwa yatakuwa nyuma yako na hutayaona. Acha miwa ikwaruze vioo. Kioo chenye mikwaruzo bado kinaona.

Niruhusu nije nikufundishe. Uwanja wa mpira hapo kijijini unatosha, siku mbili tatu tu.

Binti yako,
Coletha

Ruhembe, 1 Septemba 2024

Coletha, mayu,

Natumaini hujambo. Mama yako kapona, anashona magauni ya shangazi zako.

Sikukujibu kwa sababu moyoni sikutaka uje. Uwanjani Ngolo angebeba kiti akakae atazame. Nilijifundisha peke yangu kwa barua yako, nikarudi Kilosa. Vioo nilivifunua, nikavirekebisha vizuri, mpaka trafiki akasema, "Leo mzee umekuja kivingine." Barabarani sikukosea kitu. Likabaki jambo moja, kurudi kinyumenyume katikati ya nguzo mbili. Nilipoona nafasi ilivyo nyembamba, mkono wangu ukakumbuka miwa. Nikabonyeza kitufe, vioo vikajikunja, nikawa kipofu. Nguzo nikailaza chini.

Nimefeli tena, mwanangu, na harusi ni tarehe kumi na nne. Nimeumia. Nilitaka sana. Nitakodi dereva, na Ngolo aseme atakalosema.

Baba yako

Mikumi, 4 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Pole, pole sana.

Usikodi mtu! Mzee wa umri wako aliyekwenda Kilosa mara mbili kutafuta leseni kwa ajili ya binti yake, mimi nimwonee aibu? Najivunia wewe mpaka machozi yananitoka hapa nikiandika.

Alhamisi ya wiki ya harusi nitakuwa nyumbani. Jumamosi naendesha mimi. Wageni wa kila nchi nimewaendesha, wewe sijawahi. Utakaa mbele kushoto kwangu, na baba mdogo abaki siti ileile uliyompangia.

Binti yako,
Coletha

Ruhembe, 22 Septemba 2024

Mwanangu Coletha, mke wa Kasian,

Hujambo huko kwako? Mumeo hajambo? Hapa bado tunakula mabaki ya sherehe na mama yako bado anaimba.

Nataka nikuandikie nilichokiona siku ile. Uliingia kwenye gari na gauni lako jeupe, ukavua viatu, ukafunga shela nyuma ya shingo, ukarekebisha kioo cha kulia, ukarekebisha cha kushoto. Hukuwa na haraka. Shangazi zako walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Na yule trafiki wa njia ya Mikumi! Alikusimamisha akashangaa, "Bibi harusi, dereva yuko wapi?" Ukampa leseni. Akaisoma, akakupigia saluti. Hapo moyo wangu ulijaa, nikamwambia, "Afande, huyu ni binti yangu, na ndiye mwalimu wangu wa gari. Mimi nimefeli mara mbili." Ngolo alikuwa nyuma yangu na alisikia. Kijiji kizima sasa kinajua, na wala sijafa.

Mwezi ujao naenda Kilosa mara ya tatu. Njoo unifundishe kurudi kinyumenyume pale uwanjani. Stefano nampa barua hii bila kuibana, aisome akitaka. Njoo siku ya mnada, watu wawe wengi.

Ni mimi baba yako, mwanafunzi wako,
Shigela