Mjane wa Filamu Ameulizwa Anataka Nini

Jumatatu, 4 Machi 2019

Sijui nianzie wapi. Charuta, binti mmoja mwongozaji wa filamu, kanijia hapa nyumbani Dadar na muswada. Nikajua, haya, mama wa kulialia tena. Kumbe siye! Mjane wa makamo yangu anampenda mwalimu wa muziki. Mwanawe wa kiume anakataa. Mama anafunga sanduku, anaondoka. Haombi radhi. Hafi!

Nikamuuliza, hata mwishoni hafi?

"Hafi, Shangazi. Ila niambie, wewe unataka kumcheza?"

Nataka? Waongozaji wote hawa, hakuna aliyewahi kuniuliza. Simama hapa, lia pale, basi. Nikaduwaa kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Nikasema nitafikiri. Nafikiri nini sasa?

Jumatano, 6 Machi

Kwenye filamu nimekuwa mjane tangu ujana – wakati huo marehemu mume wangu yuko hai, nyumbani, anakoroma! Sari nyeupe ya ujane. Machozi. Binti akipenda mtu wa tabaka jingine, mimi nakunywa sumu. Na watu wakinikuta sokoni wananigusa miguu kwa heshima: mama ni wewe.

Charuta kaniachia sari ya manjano niijaribu. Nimeivaa, nimejitazama kwenye kioo. Nikajipenda. Halafu nikaona haya. Halafu nikakasirika kwa kuona haya. Chai ikapoa.

Nimempigia, nimekubali. Nilipokata simu tu nikatamani kumpigia tena nikatae.

Jumapili, 10 Machi

Hemant kaja kutoka Pune, peke yake. Mke na mtoto kawaacha huko. Mwanangu huyu hajawahi kunipandishia sauti. Leo kapandisha.

"Mama, wakwe zangu wataiona! Nitaficha wapi uso?"

Ni filamu tu, nikamwambia.

"Ulipokuwa unakunywa sumu watu waliamini ni wewe. Hii wataamini ni nani?"

 Sumu ile ndiyo iliyomsomesha! Lakini kasema kweli... au hakusema? Kala poha yangu ya mchele sahani mbili, kaondoka bila kuaga.

Nimtii? Yeye ndiye mtoto! Ila kwenye filamu zangu zote baba akifa, mwana ndiye anayeamua. Niliyasema maneno yale mpaka sijui yapi ya muswada, yapi yangu.

Jumanne, 12 Machi

Tumeanza kupiga picha, studioni Goregaon. Mwalimu wa muziki ni nani? Gulrez! Jambazi wetu wa zamani. Kanifukuza nyumbani filamu ngapi huyu, na safari moja kanisukuma ngazini kweli, mkono ukateguka. Leo anatakiwa kuniletea chai. Chai yote kaimwaga kwenye kisahani.

"Sulabha, mimi najua kukutukana tu. Hii ya kukuuliza sukari kiasi gani, naogopa!"

Tulicheka mpaka wanja ukanichuruzika. Charuta kafoka, sisi tunacheka. Nilifurahi. Mbona basi nilikuwa natamani kurudi nyumbani?

Alhamisi, 14 Machi

Leo ni ile sehemu ya sanduku. Na Hemant yupo hapa! Sikumwita. Kanigusa miguu, kakaa kwenye kiti cha plastiki. Kaja kunizuia? Kaja kunitazama? Sikuthubutu kuuliza.

Mwigizaji anayecheza mwanangu amekwama kwenye foleni, na jua la dirishani linatuhama. Charuta kamwendea Hemant. Kaka, tusaidie, simama nyuma ya kamera umsomee mama maneno ya mwanawe, apate macho ya kuyatazama.

Nilidhani atatoka mbio. Kachukua karatasi.

Binti huyu hajui alichokifanya. Au anajua?

Niko garini, wameshanivalisha, naandika, daftari magotini. Dirisha liko wazi. Namsikia anajizoeza: "Mama, kwa hiyo unatuacha?" Mara ya kwanza kafoka. Ya pili kasema polepole. Ya tatu kaishia katikati, kaomba maji.

Na mimi nawajibika kujibu neno moja tu. Ndiyo. Halafu nachukua sanduku, napita mbele yake, naenda. Nimejaribu kulisema hapa peke yangu. Halitoki. Na "hapana" nayo nimeijaribu – nayo haitoki!

Charuta anagonga. Shangazi, tayari?

Hemant kasimama. Anatazama huku, kwenye mlango wa gari. Naweka kalamu, nashuka: litakalotoka mbele yake ndilo.