Siku Mama Aliponisema kwa Kocha

Jumamosi, 21 Agosti 2021. Granville.

Baridi kavu, jua linalong'aa bila kupasha, na ule upepo wa Agosti unaovuruga nguo kambani. Moyo wangu umevurugika vilevile. Lakini nitaandika kwa mpangilio, maana nikiandika ovyo nitalia tena.

Leo saa mbili asubuhi nilikuwa na simu ya video na kocha wa mpira wa wavu wa chuo kimoja cha Marekani. Kule ilikuwa bado Ijumaa jioni. Tangu viwanja vyetu huku ugenini vifungwe kwa sababu ya korona, nimeandikia vyuo thelathini na kimoja. Vinne vimejibu. Hiki kimoja ndicho kilichotaka kuniona uso. Mwakani kina nafasi moja tu ya libero, yule mchezaji wa nyuma anayevaa fulana ya rangi tofauti na wenzake, ambaye kazi yake ni kuokoa mipira na haruhusiwi kushambulia. Kocha alisema wazi: wamebaki wasichana wawili, na Ijumaa ijayo atachagua mmoja.

Mmoja wa hao wawili ni mimi.

Mimi ni mfupi. Kwenye mchezo huu, libero ndiyo mlango pekee ulio wazi kwa mtu wa kimo changu. Na mwaka huu hakuna pa kuonekana. Ligi imefutwa, kidato cha mwisho nakimalizia kwenye meza ya kulia chakula, na hatuvuki kilomita tano kutoka nyumbani. Kwa hiyo simu ya leo ndiyo ilikuwa mashindano yangu yote.

Nilijiandaa. Niliandika maswali kumi na majibu yake. Nikaweka kompyuta juu ya sufuria kubwa ya pilau ili kamera iwe usawa wa macho. Nikaweka simu pembeni inirekodi, nije nijikosoe baadaye. Mama alivaa mtandio wake wa Idi.

Sehemu yangu ilikwenda vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Kisha kocha, mwanamke mtu mzima mwenye nywele nyeupe, akaomba kuongea na mzazi. Akamwambia Mama: nieleze kuhusu binti yako.

Mama akacheka kwa haya. "Nani, Rukia? Aah, huyu bado. Anajaribujaribu tu."

Kocha akauliza kama najituma.

"Mvivu kidogo," Mama akasema. "Kitanda hatandiki mpaka apigiwe kelele. Lakini huko mtamnyoosha."

Nikamwona kocha akiinamisha kichwa na kuandika.

Sijawahi kuichukia kalamu namna ile.

Mama ana mwaka wa tisa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na Kiingereza chake hakina kasoro. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Adabu ndiyo ilikuwa ya Tanga. Kwetu mzazi hamsifu mwanawe mbele ya mgeni. Anamshusha kidogo, na mgeni anatakiwa akatae: "Aa, dada, usiseme hivyo, mtoto mashallah!" Ndivyo inavyochezwa. Mama alirusha mpira akasubiri urudishwe. Kocha akauacha ukadondoka. Akamshukuru kwa kuwa mkweli, akaaga.

"Mstaarabu sana yule mama," Mama akasema huku akivua mtandio.

Nikamwambia amenimaliza. Nilipandisha sauti, na hilo naliandika hapa kwa sababu nimejiahidi kuandika yote.

"Ulitaka nikutangaze kama nguo za mnadani?" akanijia juu. "Mtu hata simjui, nimtajie uzuri wa mwanangu? Akikutia jicho ukavunjika mguu, atakayekuuguza ni nani?"

"Mama, yule yuko Marekani! Mipaka imefungwa!"

"Na jicho nalo limefungiwa?"

Nikatoka uani na mpira wangu. Tangu Juni kiwanja changu ni ukuta wa gereji. Kawaida napokea mara mia mbili bila kudondosha. Leo nilidondosha kwenye ya kumi na moja. Nikaanza upya, nikadondosha kwenye ya nane. Nikakaa chini kwenye zege nikafungua rekodi, nikitaka kusikia tena kile Mama alichosema ili hasira yangu iwe na ushahidi.

Nikajisikia mwenyewe kwanza.

Nimesema "najaribu" mara saba. Kocha aliponiuliza nina ubora gani, nikajibu, "Wenzangu wananisaidia sana." Aliponiuliza kama niko tayari kupigania nafasi, nikasema nitajifunza kwa dada walionitangulia. Na muda wote huo macho yangu yalikuwa mezani, kama ninavyokaa mbele ya bibi. Nimepandisha kompyuta juu ya sufuria ili tutazamane, halafu sikumtazama hata mara moja.

Mama alimalizia tu nilichokianza mimi.

Nilimkuta akianua nguo. Nikamwomba radhi. Akatoa vibanio vitatu au vinne.

"Kile alichoandika," akasema, "kinafutika?"

"Labda tukimwandikia."

Akakunja taulo, akakunja na la pili. "Lete hiyo kompyuta. Mimi nasema, wewe unaandika. Na uanze na mashallah."

Hakunitazama. Aliliambia shuka.

"Andika: tangu wafunge viwanja, mwanangu hajakosa hata siku moja. Nikirudi zamu alfajiri namkuta ameshaswali, yuko ukutani. Andika: jirani alikuja kulalamika mara mbili. Mara ya tatu akaja na kiti, akakaa kutazama. Andika: Ramadhani alifunga na mazoezi hakupunguza. Andika: akikosea hamlaumu mtu, anaanza kuhesabu upya." Akatoa kibanio cha mwisho. "Na kitanda ni kweli, hatandiki. Usifute, asije akaniona mwongo."

Nilikuwa naandika bila kuinua uso. Nina miaka kumi na saba, na sikujua kwamba ananihesabia na yeye.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Haya. Usije ukavimba kichwa."

Baba aliporudi kutoka kazini na kusimuliwa, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Rukia, si ungemalizia tu na anavyokoroma!"

Chini ya maneno ya Mama nimeongeza yangu machache. Nimemweleza kocha kwamba kwetu mtu huanza kwa kujishusha, na kwamba leo tulijishusha wawili kwa mpigo. Nimemwomba dakika kumi nyingine kabla ya Ijumaa. Mashallah nimeiacha kama ilivyo, akitaka ataitafuta maana yake. Nimetuma saa kumi na dakika tano jioni. Sijui atajibu nini. Nafasi bado ni moja, na yule msichana mwingine huenda ni mrefu, huenda mama yake anajua kusifu.

Mimi ninachoweza kufanya nakijua. Nimesimama mbele ya kioo cha bafuni, nikasema kwa sauti: "Mimi ni libero hodari. Mpira haudondoki upande wangu." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikajikuta natazama bomba. Mara ya tano nikajitazama machoni mpaka mwisho wa sentensi.

"Sema mashallah!" Mama akapiga kelele kutoka jikoni.

Nimesema. Nitarudia kila siku mpaka Ijumaa, macho juu.

Na kesho alfajiri, kabla sijaenda ukutani, natandika kitanda.