Kerubo Hakuiba, Alionyesha Tundu

Ombati mwanangu,

Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanagombana na baridi ya huku Ujerumani. Mtoto wa Kerubo ana meno mawili na ameshaanza kuniuma. Ng'ombe wangu yuko aje? Na chai ya upande wa mto mmeichuma, ama mmeiacha mpaka imekuwa miti?

Sikupigii simu kwa sababu ungesema mtandao umepotea. Na nimeandika Kiswahili, kwa mkono wangu huu ulioacha shule darasa la nne, ili Mueni mke wako asome mwenyewe. Ingekuwa Ekegusii, lugha yetu ambayo yeye haisomi, ungemsomea wewe, na ungeruka mahali panapokuchoma.

Nimesikia ulisimama kanisani hapo Birongo, siku ya Sabato, ukaomba watu wamwombee Kerubo binti yako, eti ameanguka katika wizi wa kompyuta. Nani alikuambia? Binamu yako aliyesoma ujumbe wa Kerubo nusu. Ukapiga magoti kabla ya kumpigia mtoto wako simu! Kaa chini nikueleze.

Mahali Kerubo anafanya kazi kuna chumba kimejaa kompyuta, zimepangwa kama kreti za soda, zinanguruma kuliko kinu cha posho cha Nyakoe. Zote zinafanya kazi pamoja. Anayetafuta dawa analeta kazi yake, anayepima mvua ya dunia analeta yake. Kuna programu ya kuwapanga foleni: wewe ngoja, wewe ingia, wewe chukua mashine hizi. Hiyo programu ni kama karani wa kituo chetu cha majani chai, anayepima na kuandika, ila karani huyu ana funguo za kila chumba.

Sasa Kerubo akagundua kwamba huyo karani haangalii kadi ya mtu. Ukijua njia, unaleta kazi yako na jina la mtu mwingine, na yeye anakubali tu. Unaweza kujiita hata mkubwa wa mashine zote, ukasoma siri za watu, ukafuta kazi ya miezi. Watu wenye digrii ukutani wamepita hapo kila siku wasione. Aliyeona ni msichana wa kwetu, aliyelelewa kwa mboga ya chinsaga na maziwa.

Akamwambia mkubwa wake. Mkubwa akasema, "Haiwezekani." Akamwambia tena, akaambiwa arudi kwa kazi yake. Basi akatuma kakazi kadogo kwa jina la huyo mkubwa, kakaandika mstari mmoja ndani ya faili za mkubwa mwenyewe: "Kazi hii imeletwa na Kerubo, si wewe." Kisha akamwendea akamwambia, "Fungua uone." Hakugusa kitu kingine. Mzee akawa mwekundu kama nyanya, akamfungia kompyuta, akamrudisha nyumbani uchunguzi ufanywe. Hapo ndipo binamu yako aliachia kusoma.

Mimi nilimgombeza. Nikamwambia, "Mtoto wewe, ungeomba ruhusa kwanza!"

Akaniangalia mimi bibi yake. "Magokoro, wewe uliomba?"

Unajua alichokuwa anasema. Wewe ulikuwepo mwaka ule karani wa chai alikuwa anaandika namba yoyote ya mkulima unayotamka, kadi haangalii, na majani ya watu yanapotea. Nilisema kwa mkutano, wakacheka: mama wa darasa la nne atafundisha karani? Kesho yake nikapeleka kikapu changu, nikatamka namba ya mwenyekiti wa kituo mwenyewe. Karani akaandika! Nikamgeukia mwenyekiti mbele ya foleni yote: "Mzee, leo nimekuchumia. Utanipikia lini?" Walinipigia kelele za mwizi mpaka huko Nyamache wakasikia. Lakini tangu siku hiyo, bila kadi hupimiwi.

Kumbe huyu mtoto alimeza ile hadithi na uji.

Walikaa wiki tatu wakichunguza. Kerubo alikuwa anakunja nguo za mtoto zilizokwisha kukunjwa. Kisha waliotengeneza hiyo programu wakaandika kwamba ni kweli, tundu lipo, na si hapo tu, ni kila mahali inapotumika. Wakaliziba, wakawatangazia wote wazibe, na jina la aliyeliona wakaliweka: Kerubo binti Ombati. Jina lako limeingia hapo bila wewe kufanya lolote.

Mkubwa wake alikuja hapa na keki. Nikamkalisha chini, nikampa obokima, ugali wa wimbi, na mboga, nikamwambia, "Kula. Anayekuonyesha tundu la nyumba yako si mwizi. Mwizi hupita hapo akanyamaza." Kerubo akakataa kutafsiri. Nikamkazia macho, akatafsiri. Mzee akaacha kutafuna, akamwomba msamaha mbele yangu. Kerubo kazini amesharudi.

Huyo ni mgeni, Ombati, na aliweza.

Sasa Kerubo anasema Desemba haji. Anasema hawezi kumleta mtoto wake kanisa ambamo yeye aliombewa kama mwizi. Sikumbembeleza, kwa sababu ana haki. Kitu kimoja tu nitakukumbusha. Siku ile ya chai, baba yako alikuwa nyuma ya foleni na mzigo wake mgongoni. Hakuelewa nimefanya nini. Hakuuliza. Alitua mzigo, akaja akasimama karibu nami, akasema, "Huyu ni wangu." Kuelewa alielewa baadaye, jioni, nikimweleza tukila.

Msalimie Mueni, na asiruke mstari. Msalimie jirani anayenikamulia ng'ombe, mwambie namjua kwa mkono wake mwepesi. Msalimie pia mzee wa kanisa, umwombe akupe nafasi Sabato inayokuja, mahali pale pale uliposimama. Ukimaliza, mpigie mtoto wako wewe mwenyewe. Mimi msamaha wa mtu mzima sibebi.

Nitakuwa nimekaa karibu na simu yake, nikijifanya nafuma.

Ni mimi mama yako,
Bosibori