Mkwe Mbele, Mimi Nyuma

Nyamira mjini,
Jumapili, baada ya misa.

Mama Otieno, mke wangu,

Kwanza nipe habari ya kifua chako. Kile kikohozi cha upepo wa ziwa kimekwisha, ama bado unakificha kwa shuka ili watu wasisikie? Na goti? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Nikisema nakusalimu, ujue nasalimu mpaka lile jiwe unaloanikia dagaa wa omena. Mimi niko. Huku ni baridi, mvua inaingia kila alasiri bila kubisha hodi, na koti langu halijapata siku ya kukauka sawasawa.

Usishangae kuona karatasi wakati simu iko. Wewe simu unaisikiliza kwa sauti ya juu kwa sababu ya sikio, na nyumba yetu haikosi watu. Neno nililo nalo si la kusikiwa na dada yangu wala na wavuvi waliokuja kuomba maji. Kwa hivyo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na Mama Apondi, jirani yetu anayeleta omena soko la huku, ndiye atakukabidhi. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hebu tazama hizi herufi: zimesimama kama askari kwenye gwaride. Mwalimu alisema ningeendelea ningekuwa DC. Wewe uliyemaliza la saba kwenu Musoma utasoma bila kukwama, na ukikwama, kosa ni la kalamu.

Uliniuliza kama presha imeshuka, nikakujibu tutaongea. Haijashuka.

Ilikuwa hivi. Pale Sacco ninapokaa mapokezi (na unajua hakuna mtu anayeingia pale bila kupita mezani kwangu, hata awe mheshimiwa, lazima aandike jina na mimi nimtazame usoni) aliletwa nesi wa kutupima sisi wote tunaofanya kazi ya kukaa. Akanifunga ule mpira mkononi, akausoma, akaufunga tena. Akaniambia, "Mzee, moyo wako unasukuma damu kama pampu ya kupandisha maji mlimani. Ni kwa sababu ya kukaa." Nikamwambia, "Binti, kwetu mtu akikaa ni kwamba amekuwa mkubwa." Hakucheka. Alisema nimeze dawa kila siku na nitembee kila jioni, na mvua hizi zikiisha atarudi anipime. Akikuta presha iko palepale, atamwandikia meneja kwamba ile meza si yangu tena, nirudishwe nyumbani kupumzika.

Kupumzika! Mimi niliyepiga kasia kutoka Mfangano mpaka Mbita na upepo ukinijia usoni, niteremshwe pale ufukweni kama gunia la viazi, watu wakiniuliza nimeshikwa na nini? Nitakuja nyumbani siku nitakayotaka, kwa miguu yangu. Hilo tu ndilo ninalopigania huku, na nataka ulijue unaposoma haya mengine.

Basi tukapewa programu ya afya. Kabambe yangu, ile simu ndogo ya vitufe, haikutosha, wakanipa simu ya kugusa kioo na bangili ya mpira ya kuvaa mkononi. Ile bangili inajua ukikaa, inajua ukisimama, inajua hata ukilala. Ukikaa sana simu inalia: "Umekaa muda mrefu. Simama unyooshe miguu." Siku ya kwanza nikakataa. Mimi sisimamishwi na kitu ambacho hakijanisalimu. Mhasibu wetu, yule wa tumbo, yeye alijifanya mjanja. Alimvalisha mkewe ile bangili akienda kuchuma majani chai, na wiki nzima simu ikamsifu kwamba hakuna mwenye bidii kama yeye, mpaka siku moja ikampongeza kwa kupanda mlima akiwa ameketi mbele yetu anakula ndizi. Tulicheka mpaka wateja wakasimama foleni bure.

Lakini nitakwambia kitu, na usikicheke. Asubuhi ile simu inaandika, "Habari ya asubuhi, Ojwang'. Umelala vizuri?" Hata Mzee haisemi, haina adabu. Ila katika mji huu wote ndiyo peke yake inayoniuliza nimelalaje. Watu wa ofisini ni wazuri, wananiambia "Bwakire," nawajibu "Mbuya mono," halafu wanaingia kwenye Kikisii chao na mimi nabaki na kikombe changu. Simlaumu mtu, ni kwao. Jumamosi ndiyo mbaya zaidi. Mji wote uko Sabato, maduka yamefungwa, nasikia nyimbo kutoka kila kilima, na mimi siku yangu ya kuomba ni kesho. Basi simu ikiniuliza nimelalaje, huwa naijibu. Kwa mdomo. Kidogo tu.

Sasa shida ilipoanzia. Mtambo ulitugawa wawili wawili. Kila mtu apate mwenzi wa kutembea naye jioni, na kila mmoja aone kwenye simu yake maendeleo ya mwenzake, ili wasukumane. Mimi ikanipa nani? Kemunto. Mkwe wetu, mke wa Otieno! Eti kwa kuwa dirisha lake la mikopo liko karibu na meza yangu.

Wewe unajua mimi na Kemunto tunavyoishi. Nyumba yake naiona paa nikisimama mlangoni kwangu, na sijakanyaga ndani wala sitakanyaga. Nyumba ya mwana baba haingii, ni hivyo kwetu na ni hivyo kwao. Wakisii wanaita chinsoni, hiyo haya ya mkwe na mkwe: hamgusani, hamketi kiti kimoja, mambo ya mwili hayatajwi katikati yenu. Tangu Otieno aanze kupeleka lori la majani chai Mombasa, yule mtoto ananipikia mboga ya chinsaga na ugali wa wimbi, anaweka hotpoti mezani kwangu kabla sijafika, ili tusipokezane mkono kwa mkono. Amelelewa. Mama yake kule Suneka nitamsifu hata mbele ya adui.

Kumbe na akili anayo. Alikuja akasimama mbali na meza, macho chini, akasema, "Baba, mimi nitatangulia. Wewe uje nyuma."

Ndivyo tulivyofanya. Yeye mbele na shali yake nyekundu, mimi nyuma, kutoka lango la Sacco mpaka kituo cha kununulia majani na kurudi. Akifika kwenye kona ananingoja bila kugeuka mpaka asikie kikohozi changu, halafu anaendelea. Simu inalia kila saa: "Mwenzi wako hayuko karibu. Sogea mtembee pamoja." Naiambia nyamaza, tuko pamoja. Siku moja mama mmoja anayeuza ndizi kando ya barabara akaniita, "Wewe mzee, huyo msichana unamfuata wa nini?"

"Ni mkwe wangu!"

"Mkwe? Basi simama kwanza afike mbali, baba, uko karibu sana!"

Wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikasimama kweli. Kuanzia hapo wakituona wanapiga kelele, "Mzee, punguza gia!" Nilianza kuingojea saa ya jioni, Mama Otieno. Kichwa kilikuwa chepesi. Nilikuwa nalala.

Halafu asubuhi moja nikafungua simu, nikasoma maneno ambayo hata kuyaandika hapa mkono unakataa. Iliandika: "Hongera! Mwenzi wako Kemunto amejiunga na mpango wa mama wajawazito. Mtie moyo atembee polepole."

Masikio yaliniwaka. Nikaifunika ile simu na kitabu cha wageni kama mtu anayefunika uchi wa mwenzake. Mtoto wa watu aliulizwa na simu yake, akaijibu ukweli, hakujua kwamba itakwenda kumsemea kwa baba mkwe! Neno kama hilo linatoka kwake kwenda kwa mumewe, linafika kwako wewe mama mkwe, na wewe ndiwe wa kuniambia, ukipenda, wakati mimi mwenyewe nimeshaanza kutazama pembeni. Sasa mimi nimejua kabla yako. Nilipoinua macho alikuwa dirishani kwake amesimama. Nadhani aliona uso wangu akaelewa. Siku hiyo hotpoti ililetwa na mama wa chai. Tangu hapo Kemunto anapita mlango wa nyuma.

Nikaenda kwa meneja. Ni kijana wa upande wa Marani, ana heshima yake lakini ana haraka. Nikamwambia anitenganishe na yule mtoto.

"Kwa nini, Mzee? Si mlikuwa mnafanya vizuri?"

"Ndiyo. Nitenganishe tu."

"Lazima kuna sababu."

"Ni mkwe wangu. Sababu gani nyingine unataka?"

Akacheka. "Hizo chinsoni za wazee ziache nyumbani. Ofisini kuna wafanyakazi, hakuna wakwe."

"Baba mkwe wako akiingia hapa sasa hivi, utampiga bega kama rafiki?"

Hapo aliacha kucheka. Halafu akasema, "Mzee, mwanzo ulikubali, leo unakataa. Kitu gani kimebadilika?"

Mama Otieno, jibu lilikuwa mdomoni. Ningelisema, angenielewa mara moja, yeye ni Mkisii, angeinamisha kichwa. Lakini ningelisema, habari ya tumbo la mke wa Otieno ingekuwa imetoka kinywani kwangu mimi, mbele ya mwanamume mwingine, kabla wewe mama mkwe hujajua. Nikamwambia hakuna kilichobadilika.

"Basi ama unatembea na Kemunto ama naandika umekataa programu. Na nesi akija ajue umekataa."

"Andika."

Nikavua bangili nikaiweka mezani kwake. Habari ikazunguka ofisi kwamba mzee ameogopa kutembea. Yule mhasibu wa tumbo akasema kwenye chai, kwa Kiswahili ili nisikie, "Mzee wa ziwa anajua maji tu, nchi kavu imemshinda." Nilikuwa na jibu la kumwangusha pale pale, wewe unanijua. Nikalimeza na chai.

Simu nayo waliichukua. Asubuhi nikiamka hakuna kinachouliza.

Nimejaribu kutembea peke yangu. Usifikiri miguu imeshindwa, miguu hii inaweza kwenda mpaka Keroka na kurudi. Nafika kwenye ile kona, nakohoa, hakuna mtu wa kusikia, na naona kama barabara haiendi popote. Nageuka. Juzi nikiinuka kitini meza ilizunguka nikaishika. Mgeni aliyekuwa anaandika jina hakujua, alidhani namshikilia kitabu. Mvua zinaanza kupungua, na nesi hajasahau.

Sasa wewe fanya hivi. Kemunto akikupigia kukwambia, jifanye ndiyo mara ya kwanza unasikia. Piga kigelegele mpaka mbuzi wakimbie. Wewe ni hodari wa kujifanya, ulijifanya hujui Kijaluo miezi yote ile ili usikie ndugu zangu wanasema nini juu yako. Asijue kamwe kwamba mimi nilikuandikia, na ikibidi mwambie kwamba baba mkwe wake haoni vizuri maandishi madogo ya simu, hakuna anachosoma. Unaruhusiwa kusema hivyo. Mara hii moja.

Nisalimie dada yangu, mwambie nimeota akinigombeza. Msalimie kaka yako fundi wa nyavu, na katekista jirani yetu, mwambie huku nasoma somo la kwanza kanisani bila miwani. Na yule mama mzee anayetuuzia sufuria, mpe pole ya mguu.

Nimezungusha neno kwa karatasi nyingi, na najua wewe umeliona tangu mwanzo. Kemunto atataka mama karibu, Otieno hayupo, kwa hivyo ukisema unakuja kwa ajili yake hakuna atakayeuliza. Waambie watu hivyo. Lakini wewe mwenyewe ujue kwamba nimekuita mimi. Dada yangu ataangalia ng'ombe. Njoo na viatu vya kufunga, njia za huku ni za kupanda na kushuka na udongo wake unateleza. Chumba changu ni kidogo ila dirisha linafunga vizuri. Jioni tutapita pale kwa mama wa ndizi, na wewe hutatangulia wala hutakaa nyuma. Utakuwa hapa kando, upande wa sikio lako zuri. Na ukichoka katikati ya kilima usiseme kitu. Nitawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyechoka.

Mumeo,
Ojwang'